Meru 71 Kwenda Juu: Rekodi za Marubani wa Ndege za Vita Waliogeuka Wanaanga

Mlima Meru una mita 4,566. Ukianzia geti la Momella utalala Miriakamba, utalala Saddle, na askari wa hifadhi atakutangulia na bunduki kwa sababu ya nyati. Kisha usiku wa manane utaanza kupanda ukingo wa majivu hadi kilele kinachoitwa Socialist Peak. Wanaokifikia hushuka wakitembea kama washindi, na wana haki.

Leo Meru ndiyo rula yetu. Rula nyingine tunazo hapa Arusha: barabara ya Arusha hadi Dar es Salaam, kilomita kama 640, njia ya kurukia ndege ya Uwanja wa Kilimanjaro (KIA), mita 3,600, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid wenye nafasi ya watu kama 20,000, na jiji lenyewe, ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu 617,631. Tunaowapima ni kabila moja la ajabu: marubani wa ndege za vita waliotoka kwenye MiG wakaingia kwenye roketi. Binadamu walioizunguka dunia tangu 1961 wamezidi 600 kidogo tu. Mabasi kumi na moja ya Dar yangewabeba wote. Ndani ya mabasi hayo, viti vya mbele ni vya marubani hawa.

1. Wa kwanza kuliko wote: Yuri Gagarin, dakika 108

Tarehe 12 Aprili 1961, saa 3:07 asubuhi kwa saa za Moscow, ambazo ni sawa na zetu, roketi yenye urefu wa mabasi makubwa matatu yaliyosimamishwa wima iliwaka moto kwenye kituo cha kurushia roketi cha Baikonur. Juu yake palikuwa na chombo cha Vostok 1 chenye uzito wa kilo 4,725, sawa na ndovu dume wa Tarangire. Ndani ya chombo alikaa kijana wa miaka 27, mtoto wa fundi seremala kutoka kijiji cha Klushino.

Gagarin alikuwa na urefu wa sentimita 157. Alipokuwa chuo cha urubani Orenburg alisumbuka kutua na ndege, na inasimuliwa kwamba mkufunzi alimpa mto wa kukalia ili aione njia vizuri. Mto ukamaliza kazi. Mwaka 1957 alihitimu na kupelekwa kituo cha Luostari, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Norway, kurusha MiG-15. Ndege hiyo ilikuwa na uwezo wa kupanda hadi mita 15,500. Hizo ni Meru tatu na zaidi ya theluthi, na kwa rubani wa kawaida hapo ndipo dunia inapoishia.

Vostok ikampeleka kilomita 327. Meru 71 zilizobebana, na ya 72 ikiwa imepita nusu! Ukiisimamisha wima barabara ya Arusha hadi Singida, anayekaa juu yake anakaribia pale alipokuwa Gagarin. Aliyesimama Socialist Peak siku ya anga safi anaweza kuona upeo ulio mbali kilomita 240 hivi. Kutoka kilomita 327, upeo unasogea hadi kilomita 2,000. Ukiwa juu ya Arusha kwa kimo hicho, Addis Ababa na Lusaka vyote vimo ndani ya duara moja.

Mwendo nao: kilomita 27,400 kwa saa. Kwa sekunde moja alikuwa anameza njia ya kurukia ndege ya KIA mara mbili. Arusha hadi Moshi, sekunde 11. Arusha hadi Dar, sekunde 84, muda ambao basi la asubuhi bado halijatoka getini. Alimaliza kuizunguka dunia nzima na kurudi chini kwa dakika 108, na basi lililoondoka Arusha dakika ileile lingekuwa limeipita Moshi tu.

Sehemu ya safari hiyo ambayo haitajwi sana ndiyo inayotuhusu zaidi. Injini ya kupunguza mwendo iliwashwa chombo kikiwa karibu na pwani ya Angola. Baada ya hapo sehemu ya injini ilitakiwa kuachana na tufe alimokaa rubani. Haikuachana sawasawa, nyaya zilibaki zimevishikilia vyote viwili, na kwa dakika kama kumi vikawa vinapinduka ovyo angani vikielekea Misri. Dakika za hatari kuliko zote katika safari ya kwanza ya binadamu anga za juu zilipita juu ya Afrika, miezi minane kasoro kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Nyaya zilikatika. Tufe likashuka, na mgandamizo ukafikia mara nane ya uzito wa kawaida: mtu wa kilo 65 anajisikia ana zaidi ya nusu tani. Kwenye kimo cha kilomita saba, yaani Meru nzima na mita 2,400 juu yake, kiti kilimrusha nje akashuka kwa mwavuli. Aliotua karibu nao, mkoani Saratov, walikuwa bibi mmoja na mjukuu wake waliokuwa shambani kwenye viazi. Walimwona mtu wa mavazi ya rangi ya chungwa na kofia nyeupe wakaanza kurudi nyuma. Alipaa akiwa luteni, akatua akiwa meja. Cheo cha kapteni alikiruka angani.

Alikufa tarehe 27 Machi 1968 akiwa na miaka 34, kwenye ndege ya mazoezi ya MiG-15 pamoja na mwalimu wake Vladimir Seryogin. Ndege aliyoanzia kazi ndiyo aliyomalizia.

2. Mchujo mkali

Ili kumpata Gagarin, Wasovieti walipekua mafaili ya marubani wa ndege za vita zaidi ya 3,000. Masharti: umri miaka 25 hadi 30, urefu usiozidi sentimita 175, uzito usiozidi kilo 72. Waliopita ni 20. Chukua mashabiki waliojaza Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, wachuje kwa kipimo hicho, uwanjani watabaki watu 130 hivi.

Ukali huo umepitwa, na mmoja wa walioupita ni Ghuba. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipotafuta wanaanga wake wa kwanza walijitokeza watu 4,022, wakachukuliwa wawili. Aliyetangulia kupaa, tarehe 25 Septemba 2019 kwa chombo cha Soyuz, alikuwa Hazzaa Al Mansouri, rubani wa F-16. Mmoja kati ya 2,011! Kwa mchujo huo Amri Abeid wanabaki watu kumi. Hata timu ya mpira haitimii.

Katika wale Wasovieti 20, waliochaguliwa 1960, mdogo kuliko wote aliitwa Valentin Bondarenko, aliyezaliwa 1937. Anashika rekodi ambayo hakuna anayeitaka. Tarehe 23 Machi 1961 alikuwa ndani ya chumba cha majaribio ya upweke, chumba kilichojaa oksijeni. Alijipangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, akaitupa bila kuangalia, ikaangukia jiko la umeme. Moto ulilipuka mara moja. Alifariki siku hiyohiyo, siku ishirini kabla ya Gagarin kupaa, na nchi yake ikalificha jambo hilo hadi miaka ya 1980. Namhesabu miongoni mwa wakubwa wa orodha hii, ingawa hakuondoka ardhini.

3. Mdogo kuliko wote, na mzee kuliko wote

German Titov, rubani wa kivita, alipaa na Vostok 2 tarehe 6 Agosti 1961 akiwa na miaka 25, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku kadhaa kutimiza 26. Hajatokea mwingine aliyeizunguka dunia akiwa na umri mdogo kuliko huo. Rekodi ina zaidi ya miaka sitini na bado imesimama!

Alikaa juu saa 25 na dakika 18, akazunguka mara 17, akasafiri zaidi ya kilomita 700,000. Basi la Dar lingehitaji kwenda na kurudi zaidi ya mara 540. Ni wa kwanza kutapika angani, na ni wa kwanza kulala huko. Usingizini mikono yake ilielea yenyewe mbele ya uso, ikabidi aichomeke chini ya mikanda ndipo alale. Kisha akapitiliza muda wa kuamka kwa nusu saa na zaidi huku dunia nzima ikipita chini yake.

Upande wa pili wa mizani yupo Mmarekani John Glenn. Alipigana vita viwili akiwa rubani, Vita Kuu ya Pili na Korea, safari za kivita 149. Mwaka 1962 akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Wengine wangeridhika. Yeye alirudi tena Oktoba 1998, akiwa seneta, akiwa na miaka 77. Kati ya Titov na Glenn kuna miaka 51 na ushee, na wanaanga wengine wote walioizunguka dunia wanaingia katikati.

4. Aliyekaa peke yake muda mrefu kuliko wote

Valery Bykovsky, Juni 1963, Vostok 5: siku 4, saa 23 na dakika 7. Peke yake.

Tufe la Vostok lilikuwa na kipenyo cha mita 2.3 kwa nje. Kifodi cha Ngaramtoni ni kirefu mara mbili ya hapo, na abiria wake angalau hushuka kituoni. Bykovsky alifungwa humo siku tano kasoro dakika 53, akaizunguka dunia mara 82. Kundi linalopanda Meru kwa siku nne, linapofika tena Momella likiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, yeye angekuwa ameshazunguka mara 66 na bado ana kazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa kwenye mzunguko wa dunia peke yake kwa muda mrefu kuliko huo. Vyombo vimekuwa vikubwa, watu wanapaa kwa makundi, na sioni nani ataivunja rekodi hii karibuni.

5. Kamba fupi, matembezi marefu

Tarehe 18 Machi 1965 Alexei Leonov, rubani wa MiG-15 kutoka Siberia, alitoka nje ya chombo cha Voskhod 2 akiwa amefungwa kamba ya mita tano na kidogo. Ni urefu wa kifodi kimoja. Hakuna binadamu aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Alikaa nje dakika 12 na sekunde 9. Kwa muda huo, akielea mwisho wa kamba, alisafiri zaidi ya kilomita 5,500. Wenyeji wa Arusha tumekua tukiambiwa kwamba Mnara wa Saa uko katikati ya Cape Town na Cairo. Basi ukianzia Mnara wa Saa, Leonov angeipita Cairo na kuendelea hadi ndani kabisa ya Ulaya kabla ya kuitwa arudi.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Nje hakuna hewa, na vazi lake lilivimba hadi vidole vikachomoka kwenye glavu na miguu ikachomoka kwenye viatu. Alitakiwa aingie kwa miguu kwenye bomba jembamba la kitambaa, akashindwa. Bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote alifungua vali ya vazi na kuanza kuachia hewa yake mwenyewe ya kupumua, kidogo kidogo, hadi vazi likanywea. Akaingia kwa kichwa, kinyume na maelekezo, kisha ndani ya bomba lile akajikunja na kujigeuza ili afunge mlango. Jasho lilikuwa limemjaa machoni na viatuni. Aliporudi duniani alikuwa amepungua kilo sita.

Shida zilikuwa bado hazijaisha. Mfumo wa kushusha chombo uligoma, na kiongozi wake Pavel Belyayev, rubani wa kivita wa jeshi la majini, akashusha kwa mkono. Walikosea shabaha kwa kilomita 386. Ni kama umelenga kutua Arusha ukajikuta umeipita Dodoma, ila Dodoma yao ilikuwa msitu wa theluji wenye mbwamwitu na dubu. Walikaa humo usiku mbili, kisha wakatoka kwa kuteleza juu ya theluji hadi kwenye helikopta, umbali wa kilomita tisa.

Leonov alichukua na penseli za rangi. Alichora mawio ya jua akiwa hukohuko, mchoro wa kwanza kuchorwa nje ya dunia. Kwa hesabu yangu ndiye mwenye dakika 12 bora kuliko za mtu yeyote kwenye orodha hii, Gagarin akiwemo.

6. Mshuko wa kutisha kuliko yote

Januari 1969, Boris Volynov, rubani wa kivita, akiwa peke yake ndani ya Soyuz 5. Sehemu ya injini ikakataa kuachana na chombo, kosa lilelile la Gagarin, lakini safari hii chombo kikaingia kwenye hewa kikitanguliza uso. Upande wenye kinga nene ya moto ulikuwa nyuma. Mbele palikuwa na mlango. Volynov alinusa mpira wa kuzuia hewa ukiungua, akachana kurasa za mwisho za kitabu chake cha kumbukumbu za safari na kuzificha ili waje kujua kilichotokea.

Kisha joto lenyewe likaunguza vishikizo, sehemu ya injini ikang'oka, chombo kikageuka. Kamba za mwavuli zikajisokota. Akagonga ardhi kwa kishindo kilichomvunja meno. Nje: nyuzi 38 chini ya sifuri. Alfajiri ya kileleni Meru, ile inayogandisha maji kwenye chupa, ni adhuhuri ya Himo mbele ya baridi hiyo. Alitembea hadi akaona moshi wa nyumba ya mkulima, akabisha hodi. Miaka saba baadaye alipaa tena!

7. Mtu mmoja, safari fupi na safari ndefu

Vladimir Titov, si yule wa namba 3, alihitimu chuo cha marubani wa kivita cha Chernigov. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 yeye na Gennady Strekalov walikuwa juu ya roketi iliyojaa mafuta, wakibakiza dakika moja na nusu kuruka, pale moto ulipoanza chini. Roketi ndogo ya uokoaji iliwanyofoa kutoka juu na kuwarusha kwa mgandamizo wa mara 14 hadi 17 ya uzito wao. Sekunde chache baadaye kiwanja chote kililipuka.

Walitua umbali wa kilomita nne, karibu sawa na kutoka Mnara wa Saa hadi Sakina. Safari yote: dakika 5 na sekunde 13. Hata kifodi kisicho na foleni hakifiki Sakina kwa dakika hizo.

Sasa sikiliza. Titov huyohuyo alipaa tena tarehe 21 Desemba 1987 pamoja na Musa Manarov, kwenda kituo cha Mir, na wakarudi tarehe 21 Desemba 1988. Siku 365 na saa 22! Ni wa kwanza duniani kumaliza mwaka mzima anga za juu. Arusha ilipitisha masika na vuli, shule zikafunguliwa na kufungwa, naye yuko juu.

8. Mwanamke mwenye mwendo kuliko wote

Svetlana Savitskaya hakupangiwa kikosi cha vita, alikuwa rubani wa majaribio. Lakini alizirusha ndege za vita kuliko wengi waliopigana nazo, na baba yake, Yevgeny Savitsky, aliangusha ndege 22 katika Vita Kuu ya Pili. Namweka humu bila kusita.

Akiwa kijana aliweka rekodi ya kuruka kwa mwavuli kutoka mita 14,250, Meru tatu na salio. Mwaka 1970 akawa bingwa wa dunia wa sarakasi za ndege. Mwaka 1975 akaikamata MiG-25 na kufikia kilomita 2,683 kwa saa. Kwa mwendo huo barabara yote ya Arusha hadi Dar ni dakika 14. Tarehe 25 Julai 1984 alitoka nje ya kituo cha Salyut 7 kwa saa 3 na dakika 35, akiwa na mashine ya kuchomelea vyuma mkononi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mmarekani Kathryn Sullivan alitoka Oktoba. Ushindi wa miezi mitatu kasoro.

9. Mweusi wa kwanza: Arnaldo Tamayo Méndez

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ndiyo rekodi ya kuipa muda.

Tamayo alizaliwa tarehe 29 Januari 1942 Guantánamo, Cuba. Alifiwa na mama yake akiwa mchanga na kulelewa na ndugu. Utotoni alipiga viatu rangi barabarani na kujifunza useremala. Yeyote aliyepita stendi ya Arusha asubuhi anawajua vijana wa kazi hiyo: kiti kidogo, brashi, kopo la kiwi, na macho yanayokimbilia miguu ya kila anayeshuka. Kutoka kwenye kiti kama hicho, Tamayo alikwenda Umoja wa Kisovieti kujifunza MiG-15. Mwaka 1962, wakati Marekani na Wasovieti walipofika ukingoni mwa vita vya nyuklia kwa sababu ya Cuba, yeye aliruka safari 20 za upelelezi. Alikuwa na miaka 20. Safari moja kwa kila mwaka wa maisha yake.

Tarehe 18 Septemba 1980 aliondoka Baikonur na Soyuz 38, yeye na Yuri Romanenko, rubani mwenzake wa kivita, kuelekea kituo cha Salyut 6. Walikaa siku 7, saa 20 na dakika 43, wakazunguka mara 124. Mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kufika anga za juu, Mcuba wa kwanza, na wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini. Rekodi tatu kwa safari moja! Aliporudi akawa mtu wa kwanza kupewa nishani ya Shujaa wa Jamhuri ya Cuba.

Marekani ilifuata. Guion Bluford, rubani wa F-4 Phantom aliyeruka safari 144 za kivita Vietnam, alipaa Agosti 1983 na kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika huko. Pengo kati yake na Tamayo ni miaka mitatu kasoro siku chache. Vitabu vingi vya Kiingereza huanza na Bluford. Mpangilio sahihi unaanza Guantánamo.

Je, ardhi ya Afrika yenyewe? Wa kwanza kuzaliwa barani na kufika anga za juu ni Mfaransa Patrick Baudry, aliyezaliwa Douala, Cameroon, mwaka 1946. Naye, bila shaka, alikuwa rubani wa ndege za vita. Alipaa Juni 1985. Afrika Mashariki imerusha roketi kutoka baharini Malindi, kituo cha San Marco, ikiwemo iliyobeba setelaiti iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Binadamu, bado: sifuri kati ya mia sita na kitu.

10. Aliyekaa nje muda mrefu kuliko wote

Leonov alifungua mlango. Anatoly Solovyev akahamia nje. Rubani huyu wa kivita kutoka Riga alitoka nje ya chombo mara 16, jumla zaidi ya saa 82. Ni safari nane za basi kutoka Arusha hadi Dar, mfululizo, ukiwa umening'inia juu ya kila kitu. Anayemfuata hajafika saa 70. Rekodi ilikamilika mwaka 1998 na hadi leo haijaguswa.

11. Harusi ya juu kuliko zote

Yuri Malenchenko, rubani wa kivita, siku 827 za anga za juu kwa safari zake zote. Tarehe 10 Agosti 2003 alifunga ndoa akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, bibi harusi akiwa Texas, kati yao kilomita 400 za kwenda juu tu. Meru 87.

12. Siku nyingi kuliko zote: taji lililonyakuliwa

Gennady Padalka alitoka chuo cha marubani cha Yeisk, akarusha ndege za vita, kisha akapaa mara tano kati ya 1998 na 2015. Jumla: siku 878. Kituo huizunguka dunia kama mara kumi na tano na nusu kwa siku, kwa hiyo jua lilimchomozea zaidi ya mara 13,000. Mkazi wa Arusha angehitaji kuishi zaidi ya miaka 35, bila kukosa alfajiri hata moja, kuyafikia mawio hayo.

Kwa karibu miaka tisa hakuna aliyemfikia, na marubani wa kivita walikuwa na taji hilo mkononi. Tarehe 4 Februari 2024 lilichukuliwa na Oleg Kononenko, ambaye hakuwahi kuwa rubani wa vita. Ni mhandisi. Alipotua Septemba mwaka huohuo alikuwa amefikisha siku 1,111. Na rekodi ya kukaa juu muda mrefu bila kushuka, siku 437 mwaka 1994 hadi 1995, ni ya Valeri Polyakov, daktari. Marubani wa kivita sasa wanadaiwa siku 233 kwa mhandisi na miezi mingine kwa daktari, na anayetaka kuzilipa lazima apae mwenyewe.